Beldina na Usukani Uliotiwa Grisi

Marehemu Beldina Khalayi hakuweza kukaa karibu na kitu kinacholia. Mlango ukilia, alileta mafuta. Baiskeli ikilia, aliipindua matairi juu. Toroli la jirani likipita njiani likilia, alilisimamisha, hata likiwa na mzigo. Mumewe, Lusweti, baba wa Khisa, alisema siku moja kwamba mtoto akilia katika nyumba hii atapakwa grisi.

Tabia hiyo aliitoa kwenye miwa. Alianza kuendesha trekta kule Musanda akiwa na miaka kumi na tisa, na wanaume waliacha mapanga shambani waje kumtazama. Trekta la miwa halina siri. Asubuhi grisi, jioni grisi. Ukilinyima, linakuacha na mzigo katikati ya matope. Aliliendesha miaka kumi na mmoja, halafu akaja Kakamega mjini kufundisha udereva katika shule ya Swaleh, nyuma ya soko.

Shule ilikuwa chumba kimoja, kompyuta moja ya kuchapia vyeti, na pikapu moja. Ile pikapu ilikuwa imegonga kila kitu. Imegonga ukuta wa soko, imegonga mti, imegonga kibanda cha mahindi ya kuchoma mara mbili, na mwenye kibanda akakihamisha. Swaleh akachoka. Mwaka wa tisini na tisa alikwenda Dubai kutafuta spea, akarudi na sanduku.

"Mwalimu," akamwambia Beldina, "hii ni usukani ya kompyuta. Ina mota ndani. Ukipiga kona inakuvuta mkono. Ukigonga kitu inakupiga. Wanafunzi wagongee humu ndani kwanza. Ni kama gari kabisa."

"Na ng'ombe wamo?"

"Ng'ombe wa nini? Ni mchezo wa mbio za magari."

"Basi si kama gari kabisa. Barabara isiyo na ng'ombe ni ya nchi gani?"

Swaleh hakucheka. "Sikia. Leo ni Alhamisi, na mimi naenda Kisumu. Jumatatu narudi na Swaibu, yule wa ukumbi wa video Butere. Anaitaka hii mashine pamoja na kompyuta. Nikikuta inafunza mtu, siuzi, na wewe unaendelea na kazi. Nikikuta haifunzi, nauza yote na pikapu juu, nafunga mlango."

Akaondoka.

Beldina akafungua sanduku saa ile ile. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza kirefu. Akatazama picha. Usukani ulikuwa na vibano viwili vya kuushika mezani, lakini meza ya Swaleh ilikuwa ya mvule, nene kama mlango wa jela. Vibano havikufumbata. Akamwita Lusweti. Lusweti akaja na tindo, akalala chini ya meza, akachonga ukingo kwa chini mpaka vibano vikauma. Pedali zilikuwa mbili tu, gesi na breki. Zikateleza kwenye sakafu kila alipokanyaga. Lusweti akakata ubao, akaubana kati ya pedali na ukuta. Zikatulia.

Beldina akawasha.

Usukani ukajizungusha wenyewe, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ukarudi katikati ukatulia. Lusweti alikuwa tayari mlangoni.

"Nani anausokota?"

"Unajinyoosha. Kama mtu akiamka."

Gari lililoonekana kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa jeupe, na usukani wake upande wa kushoto, na barabara zake za kizungu zinakwenda upande usiofaa. Beldina hakujali. Alikanyaga gesi. Kwenye kona ya kwanza usukani ukamvuta, naye akauvuta. Gurudumu likashuka kwenye changarawe, viganja vikatetemeka.

"Lusweti! Njoo uguse. Hapa lami. Sasa hapa, umesikia? Hapa ni kama njia ya Isecheno kabla ya mvua."

Lusweti akaweka kiganja juu ya usukani.

"Ee," akasema.

Kwa Lusweti hiyo ilikuwa hotuba.

Kulikuwa na jambo moja tu. Usukani ulilia. Kila ulipovuta ulitoa sauti nyembamba, iii, iii, kama mbwa mdogo aliyefungiwa nje. Beldina alivumilia Alhamisi yote. Ijumaa asubuhi alivumilia akiwa ameuma midomo. Ijumaa baada ya chakula alichukua bisibisi.

Ndani akakuta ekseli, mota ndogo kama yai, na mkanda wa mpira unaoviunganisha. Kulikuwa kukavu kabisa. Hakuna hata tone.

"Maskini," akasema. "Wamekuleta kutoka mbali hivyo bila kukupa kitu."

Alileta mkebe wa grisi ya trekta. Akapaka ekseli. Akapaka mota. Akapaka mkanda, ndani na nje, kwa kidole, bila choyo, kama anayepakulia mgeni. Akafunga, akafuta mikono, akawasha.

Usukani haukulia. Haukuvuta pia. Aliingiza gari kwenye kona, usukani mwepesi kama sufuria tupu. Aliligongesha ukutani makusudi. Hakusikia kitu. Mota ilizunguka peke yake ndani kama mtu anayekimbia kwenye utelezi.

"Umenyamaza," Lusweti akasema.

"Umenyamaza kabisa." Beldina akakaa chini kwenye sakafu, miguu imenyooka. "Baba Khisa, nimeua kazi yangu kwa kidole changu mwenyewe."

Lusweti aliokota bisibisi, akampa.

Wakafungua pamoja. Lusweti akatazama muda mrefu. Tangu utoto alikuwa akibeba mahindi kichwani kwenda kusaga, na kila mara alingoja kando ya kinu bila la kufanya ila kukitazama.

"Huu ni mkanda kama wa kinu," akasema. "Twende kwa Asiya."

Asiya alikuwa dada mkubwa wa Swaleh, mwenye kinu cha kusaga kwenye barabara ya Mumias. Jumamosi asubuhi walimkuta mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi.

"Asalaam aleikum, dada," Beldina akasema.

"Waaleikum salaam. Mbona sura kama ya matanga?"

Beldina akafungua karatasi, akautoa mkanda. Asiya aliushika kwa vidole viwili, akaunusa. Halafu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika gunia la mtu.

"Nani alikuambia mkanda unakulanga grisi?"

"Kila kitu kinakulanga grisi!"

"Kwa trekta! Mkanda na grisi ni kama wake wenza, wewe. Ukiwalaza kitanda kimoja hakuna kazi itafanyika." Akapangusa machozi, uso ukawa na mistari miwili. "Osha na sabuni ya mche, maji ya vuguvugu, mara tatu. Anika kivulini, si juani. Kule ndani pangusa na spiriti ya hospitali mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukirudisha, bonyeza hapa katikati na kidole gumba. Mkanda usiingie sana, usikatae. Hivi."

Akamvuta Beldina mpaka kwenye kinu, akamwekea kidole gumba juu ya mkanda mkubwa. Beldina akabonyeza. Akabonyeza tena, akafumba macho ili mkono ukumbuke.

"Na ile kelele yake?"

"Mkanda unaovuta unaimbanga. Iache iimbe. Mimi nikiwa jikoni nisikie kinu kimenyamaza, naacha obusuma, ugali wangu, kwa moto nakuja mbio."

"Usimwambie Swaleh."

"Yule? Nitamwambia nini? Boneti yenyewe hajui inafunguliwa wapi."

Beldina akaosha mara nne. Jumapili, baada ya kanisa, akarudisha mkanda. Mara ya kwanza aliukaza sana, usukani ukawa mgumu kama umetiwa simenti. Mara ya pili ukateleza. Mara ya tatu akafumba macho, akabonyeza kwa gumba, akakaza skrubu nusu mzunguko. Akawasha.

Iii, iii.

"Imba, mama," Beldina akasema.

Halafu akaingia kwenye orodha ya nguvu za usukani, ndani ya kompyuta. Usukani ulikuwa umewekwa mia, na kwa mia ulipiga mikono kama fahali. Akashusha mpaka sitini. Akaona kitu kingine. Hata gari likiwa limesimama, ukiachia, usukani ulirudi katikati wenyewe.

"Huu ni uongo," akamwambia Lusweti. "Gari lililosimama halirudishi kitu. Mtu akizoea hivi, siku ya pikapu atauachia aingie kwa duka la watu." Alitafuta mstari mmoja mmoja kwa kidole, kwa Kiingereza chake cha darasa la saba, mpaka akaipata ile springi ya kurudisha. Akaiweka sufuri. Sasa usukani ulivuta tu pale barabara ilipouvuta.

Jumatatu saa nne Swaleh akaingia na Swaibu. Swaibu alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Alikaa, akakanyaga gesi, akapita kona tatu akipiga kelele.

"Ya Rabi! Vijana wa Butere watapigania hii! Leta sanduku lake."

"Inavuta, nimeona," Swaleh akasema polepole. "Lakini mwalimu, kufunza? Swaibu ni dereva wa siku nyingi. Nionyeshe mtu asiyejua."

Wanafunzi walikuwa wamerudishwa nyumbani wiki nzima. Beldina akatazama mlango. Hapakuwa na mtu, ila Asiya aliyekuwa akiingia na unga wake.

"Asiyejua yuko," Asiya akasema. "Amevaa kofia."

Wote wakageuka. Mwenye kofia alikuwa mmoja. Swaleh alikuwa na shule ya udereva kwa miaka sita na hajawahi kuendesha gari hata kutoka nje ya geti. Mji mzima ulijua. Yeye husema macho yanamsumbua.

"Dada, heshima," Swaleh akasema.

"Heshima iko. Kaa."

Swaleh akamtazama Swaibu, akamtazama Beldina. Beldina hakucheka. Alikuwa tayari ameshusha nguvu mpaka thelathini na kuchagua njia isiyo na washindani.

"Shika pande mbili, Bwana Swaleh. Kama sinia ya chai ya wageni."

Swaleh akaenda mita hamsini, akagonga ukuta. Usukani ukampiga, akauachia kama umemuunguza.

"Usiuachie. Unakuambia kitu. Sikiliza na kiganja."

Akagonga tena. Kofia ikaanguka, hakuiokota. Mzunguko wa tatu, gurudumu la nje likashuka kwenye changarawe, usukani ukatetemeka. Beldina akafungua mdomo, halafu akaufunga. Swaleh aliurudisha usukani pole pole, gari likapanda tena kwenye lami.

"Nani alikuambia urudi?" Beldina akauliza.

"Usu…" Swaleh akakohoa. "Usukani. Imeniambia."

Asiya akapiga makofi, unga ukaruka.

"Basi, nifunge sasa?" Swaibu akauliza, sanduku mikononi.

"Ngoja," Swaleh akasema.

Swaibu alingoja. Alingoja mzunguko wa nne, na wa tano. Beldina, kwa kuwa hakuweza kukaa na jambo tumboni, akainama karibu.

"Bwana Swaleh, kuna kitu lazima nikuambie. Ijumaa niliutia…"

"Mwalimu! Usiniongeleshe kwa kona!"

Saa saba Swaibu akaweka sanduku chini, akaaga, akarudi Butere mikono mitupu. Hakuna aliyemsindikiza. Beldina akavuta kiti, akakaa kando ya mwanafunzi wake.

"Mguu kwa breki," akasema. "Kona inakuja."