Gitaa la Ahmadi Laingia Sokoni

Saa mbili asubuhi, Tomaso Likwata anafungua kibanda chake cha ufundi redio mjini Mtama, mkoani Lindi, na kulaza gitaa juu ya meza. Analifuta vumbi, analigeuza ubavu, analipiga picha kwa simu. Kisha anasogea na kupiga picha nyingine, pale ambapo rangi imebanduka.

"Kovu halifichwi," anasema. "Mnunuzi akiligundua mwenyewe, umeshampoteza."

Tomaso, mwenye umri wa miaka 61, huuza vyombo vya muziki vilivyotumika. Makanisa yaliyonunua vinanda vipya na familia zilizobakiwa na spika uani humletea. Yeye huvitengeneza, kisha huvitafutia wanunuzi katika masoko ya mtandaoni.

Gitaa la leo analijua tangu ujana wake. Lilikuwa la Ahmadi, mpiga rithimu wa Lukuledi Korosho Jazz, bendi ambayo Tomaso aliipigia gitaa la solo kwa miaka kumi na mmoja, hadi ilipovunjika mwaka 1996.

"Msimu wa korosho tulikuwa hatulali nyumbani," anakumbuka. "Leo Nyangao, kesho Kiranjeranje. Tunapanda lori la mizigo, Ahmadi amekaa juu ya magunia, gitaa amelikumbatia. Mvua ikinyesha anavua shati analifunika."

Ahmadi alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu upepo uling'oa bati za nyumba yake, na mjane wake, Umi, akaja kibandani akiwa amelifunga gitaa katika khanga mbili.

"Shemeji, nisaidie kuliuza," alimwambia. "Mvua inaninyeshea ndani."

Tomaso alichukua daftari akamwonyesha masoko matatu. La kwanza linatoza shilingi 8,000 kuweka tangazo, na fedha hiyo hairudi hata chombo kisipouzika. La pili ni kundi la wauzaji lisilotoza chochote. La tatu hukata asilimia kumi ya bei, lakini hushikilia fedha ya mnunuzi mpaka athibitishe kuwa mzigo umefika.

Umi alichagua lile la bure. Tomaso akalazimika kumweleza jambo ambalo hapendi kulisimulia. Miaka miwili iliyopita aliuza kinanda cha kwaya katika kundi la namna hiyo. Alipokea ujumbe kuwa fedha imeingia, akakipakia kinanda kwenye basi, na jioni akagundua kuwa ujumbe ulikuwa wa kughushi. Aliilipa kwaya kwa mauzo yake ya korosho ya msimu mzima.

"Bure ile ndiyo iliyonigharimu kuliko zote," anasema.

Wakakubaliana na soko la tatu. Kwa bei ya shilingi 450,000, soko lingechukua 45,000, nauli ya mzigo kwa basi 15,000 na makato ya simu 6,000. Umi angebakiwa na 384,000. Ujira wake wa kawaida, shilingi 20,000, Tomaso hakuuandika.

Siku ya nne alijitokeza mnunuzi, Frank, mwalimu wa muziki aliyeko Songea. Alitaka kwanza asikie sauti ya gitaa. Tomaso akamwita Umi awepo, akaweka simu mezani irekodi, akaanza kupiga wimbo ambao bendi ilifungulia dansi kila Jumamosi.

Umi alisikiliza kidogo, kisha akamgusa mkono.

"Sivyo, shemeji. Ahmadi hakuwa akipiga hivyo. Pale alikuwa anachelewa kidogo."

Akauimba kwa mdomo mpigo wa mumewe, taratibu, huku vidole vyake vikigonga meza. Tomaso anasema alisimama karibu na Ahmadi miaka yote ile, lakini masikio yake yalikuwa kwenye solo yake mwenyewe. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alipatia, na Umi akajifunika uso kwa ushungi.

"Nilimuuliza kama tuache kuuza," anasimulia Tomaso. "Akasema, 'Uza. Ahmadi hangependa nilowe. Ila nitumie hiyo sauti.'"

Frank alilipa siku hiyohiyo. Picha za leo ni za mwisho, uthibitisho wa hali ya gitaa kabla halijapakiwa. Umi ameshaagiza bati, atazilipia soko likiachia fedha, na sauti iliyorekodiwa iko kwenye simu yake.

Tomaso naye amefungua ukurasa mpya katika daftari. Wanabendi wanne bado wako hai, mmoja yuko Kikole, na wote wamekubali kukutana korosho zikishauzwa. Kinachokosekana ni vyombo, kwa hiyo ameanza kuyapitia masoko yaleyale akitafuta magitaa mawili ya bei nafuu.

"Safari hii mimi ndiye mnunuzi," anasema. "Rithimu atafundisha Umi. Sisi wengine tumeisahau."