Chai na Mkate Vilivyotaka Kunitoa Shule

Wiki iliyopita niliitwa shuleni kwa mjukuu wangu, hapa mjini Arusha, kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alitueleza kwamba kuanzia muhula huu soda na chipsi havivuki geti. Watoto watakunywa uji, watakula mboga za bustani yao wenyewe, na kila asubuhi watakimbia kabla ya kuingia darasani. Baba mmoja aliyevaa vizuri akanyanyuka kulalamika kwamba mwanawe hajazoea kuchoka, mbio zitamuumiza. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaondoka pale kitini, rafiki yangu, niko kwenye miteremko ya Meru juu ya Tengeru, nina miaka minane, na baba yangu anasema maneno hayohayo.

Nisikudanganye kwamba tulikuwa maskini. Shamba letu lilikuwa na migomba, kahawa na parachichi, na mboga ya mnavu ilijiotea yenyewe kando ya mfereji. Zizini kulikuwa na ng'ombe wawili. Lakini kila Jumamosi mama alijitwika maziwa, mayai, ndizi na mboga, vyote, akashuka navyo sokoni, na alichorudi nacho ni sukari, majani ya chai na mkate wa boflo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Nyumba iliyokunywa chai kwa mkate ilikuwa nyumba ya watu walioamka. Mnavu tuliuita chakula cha mbuzi. Mama alitaka nile mkate wangu nje, juu ya jiwe la kufulia, ili jirani akipita aone.

Bibi, mama yake baba, alikaa kwenye kibanda chake nyuma ya zizi na mkate ule hakuugusa. Alikula loshoro yake, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa mpaka yakalainika, yakachanganywa na maziwa ya mgando. Harufu yake chachu ilitufikia pale nje, nasi tukaziba pua. Alikuwa akisema mkate umejaa hewa tu.

Mwalimu wetu alikuwa dada mfupi wa Kichaga, aliyeletwa kutoka Kilimanjaro, na hakuwa na mchezo. Umande ukiwa bado majanini tulikimbia mchakamchaka, tukapita kanisani, tukafika msitu unapoanza, tukarudi tukiimba. Wakati wa mvua ule udongo mwekundu ulituganda miguuni kama viatu, na viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Kisha kila mtoto aliweka chini alichobeba, ukuni mmoja na fungu la mboga ya majani kutoka kwao. Mboga hizo zilipikwa pamoja na maharage ya shamba la shule kwenye pipa lililokatwa. Asiyeleta mboga hakuchapwa, ila alichota maji. Mimi nilileta ukuni peke yake, maana mboga za kwetu zilikuwa za kuuzwa sokoni. Basi nilichota maji, na saa ya kula nikakaa pembeni kwa kiburi, nikisema nimeshiba mkate.

Nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa karibu na kanisa, mara ya pili palepale. Watoto hawana huruma. Waliniita Boflo. Walisema Boflo limelowa tena, wakanivuta mikono hadi kivulini.

Mara ya tatu mwalimu alinibeba mgongoni hadi nyumbani. Baba alikuwa anapogoa kahawa, na panga hakuliweka chini.

"Mwalimu, mbio zako zitamuua huyu," alisema. "Kuanzia kesho abaki hapa akate majani ya ng'ombe."

Dada yangu mkubwa alitolewa shule hivyohivyo, kwa neno moja, na hakurudi tena. Nilijua maana yake. Nililia bila kutoa sauti.

Mwalimu aliuliza asubuhi nimekula nini. Baba akajibu kwa fahari, chai na mkate. Akauliza na jana jioni. Chai, ugali kidogo.

"Baba, mbio hazina kosa," mwalimu alisema. "Mtoto ana njaa."

Sasa mwambie mwanamume mwenye kahawa na ng'ombe wawili kwamba mwanawe ana njaa. Ni tusi. Niliona mkono wake unavyolibana lile panga. Hapo bibi akatoka kibandani, akasema na mwanawe kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe mbele ya mgeni:

"Ng'ombe umempa majani, mtoto umempa hewa. Nani kati yao amesimama?"

Baba aliliweka panga chini. Mwisho akasema nitaendelea na masomo mpaka siku ya kufunga shule. Siku hiyo kulikuwa na mbio ndefu, wazazi wakitazama. Nikianguka, ndio mwisho.

Mama alinuna, lakini kibuyu kimoja cha maziwa kikawa hakiendi tena sokoni. Asubuhi nilikula kwa bibi. Loshoro ilinishinda siku tatu, ya nne ikapita. Mnavu niliumeza nimefumba macho, kisha nikauzoea, kisha nikawa naung'ang'ania na wenzangu kwenye pipa la shule. Mbio bado zilinitesa. Nilikuwa wa mwisho kila siku, ila nilifika.

Siku ya kufunga shule ilipofika, nilikimbia hadi kanisani, palepale nilipozoea kuanguka. Nikamwona baba amesimama peke yake kwenye ua wa kanisa, mbali na wazazi wengine. Nikaendelea. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho, na hakuna aliyepiga makofi. Kwa mbali nilimwona baba akigeuka, akaenda zake.

Likizo nzima sikujua ameamua nini, na enzi hizo baba hakuulizwa. Asubuhi ya kufungua shule nilitoka nikitegemea kupewa mundu. Nikamkuta ameshakamua. Akanimiminia maziwa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema, "Kunywa uende. Utachelewa mbio."

Nilisoma miaka miwili zaidi, nikaishia darasa la nne, kama wengi. Leo ile kahawa imeng'olewa, pamejengwa nyumba za kupangisha, na nusu ya uwanja wa shule imekuwa maduka. Baba, mama na bibi wote nimewazika. Mwalimu alihamishwa ghafla, sikumuaga. Sikuwahi kumwambia asante, maana siku zile mtoto alimwamkia mwalimu shikamoo, basi.

Lakini katika ile miaka miwili ndipo aliponishika mkono akanionyesha namna ya kuunganisha herufi. Kabla ya hapo nilijua kuchora jina langu tu. Haya yote unayosoma nimeyaandika mwenyewe, sikumpa mjukuu aniandikie.