Mchanganya Chakula cha Ng'ombe

Mchanganya chakula cha ng'ombe hakai kitako. Anazamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko, ananusa ukungu, anatafuna chembe ya mashudu, anatema, anahamia gunia jingine. Juzi aliacha soya ya kuagizwa, akaweka majani ya mikunde ya hapo hapo shambani, na mwenye zizi akamwambia, “Maziwa yakipungua, dada, tunarudi kule kule.” Tangu asubuhi anazunguka horini, roho juu.

Mumewe akamletea chakula. “Kula, mama. Wenzako wameshashiba, wamelala wanacheua.”

“Mweusi bado.”

Akamkodolea macho yule ng'ombe mweusi mpaka naye akapiga magoti, akalala, akaanza kucheua. Mumewe alipofuata sahani aliikuta imejaa, imepoa, na mkewe, mdomo mtupu, anatafuna pamoja na ng'ombe.