Dirisha la Radosav

Ljubinka wa maktaba ni king'ang'anizi. Nilimwambia sijui kuandika, akaniletea kalamu. Nikamwambia macho hayaoni, akaniletea kalamu nene. Anataka maisha ya watu wa kawaida wa mji wetu wa Zaječar, hapa Serbia, anasema, kana kwamba mimi ni wa kawaida. Haya basi. Nitaandika ya mwanangu Radosav, maana yeye hawezi kushuka ngazi aje kuwasimulia.

Radosav alikuwa dereva wa lori. Aliendesha mpaka Hamburg, mpaka Bari, akirudi na machungwa na nguo chafu. Kisha sukari ikamla mguu, wakaukata chini ya goti. Sisi tunakaa orofa ya nne. Lifti ilikufa kabla ya mguu, na kila kikao cha wapangaji kinaishia kwenye matusi, kwa sababu wa chini wanasema hawaipandi. Mtu aliyekuwa akilala Hungaria na kuamkia Austria sasa safari yake ni kitanda, kiti, choo, kiti.

Kilichombakisha na akili zake ni laptopu yake ya gemu. Ndani yake mna malori na barabara zote za Ulaya. Usicheke, mimi nilishacheka kwa niaba yako. Jioni wenzake wa zamani wanakutana humo, kila mmoja yuko kwake, wanaongea kwa hedifoni na kuongozana kwa msafara mmoja, Tihomir mbele. Nikiwa jikoni namsikia mwanangu anatukana foleni ya mpakani, najua yupo. Siku asipotukana ndiyo naogopa.

Hiyo laptopu niliitandikia kitambaa changu cha kufuma, kile chenye mawaridi. Televisheni inacho, redio inacho, itakuwaje yenyewe ikae uchi mezani?

Sasa, msimu wa kuchoma pilipili hoho za akiba ya baridi, gemu ikatoka mpya. Tihomir akatangaza kuwa Jumapili msafara wote unahamia huko. Radosav akajaribu. Laptopu ikanguruma, ikapata moto kama jiko langu, lori likaenda kwa kurukaruka kama chura, kioo kikazimika.

"Wataniacha, mama."

"Si watakusubiri?"

"Msafara humsubiri nani? Wewe umewahi kuona?"

Akanituma kwa Siniša, fundi wa karibu na soko, abadilishe kadi ya picha na prosesa, viungo vya ndani vinavyoipa laptopu nguvu. Ngazi zote nilishuka nikikariri: kadi ya picha, prosesa, kadi ya picha, prosesa. Jirani akanisalimia, sikumjibu, ningesahau.

Siniša akaifungua mbele yangu, akatikisa kichwa.

"Bibi Rosanda, hivi vitu viwili havibadilishwi. Vimechomelewa kwenye bodi."

"Vichomoe."

"Nikivichomoa nimeua mashine nzima. Hizi laptopu zimetengenezwa hivyo, ulivyonunua ndivyo utakavyozika."

"Marehemu mume wangu alitoa injini ya gari letu dogo akaweka kubwa kuliko ile. Uani! Kwa kamba na mti wa plamu!"

"Hili si gari, bibi."

"Naona. Gari lina boneti na mwenyewe anaruhusiwa kuifungua."

Akacheka, kisha akachukua kibanio akaanza kuvuta nyuzi kwenye feni. Nyeupe, ndefu, zimejisokota na vumbi.

"Na pamba hii imetoka wapi?"

"Kiwandani," nikamwambia. "Hawafagii."

Alinitazama sana. Mimi nikatazama dari. Basi akaisafisha, akaipaka dawa mpya ya kupoza, akaniambia: iinuliwe juu ya vijiti viwili, chini yake pasiwe na kitambaa cha aina yoyote, na chumba kiwe na hewa. Labda, akasema, Radosav akipunguza ubora wa picha, gemu mpya itakwenda. Labda.

Kupanda ngazi kulikuwa kurefu kuliko kushuka. Nilipoingia, Radosav alikuwa ameshaweka kiti sawa.

"Amebadilisha?"

"Havitoki. Vimechomelewa."

Hakutukana. Akaitazama laptopu, akashika goti lake, pale mguu unapoishia.

"Kumbe tuko wawili," akasema.

Jumapili akaiwasha juu ya vijiti. Tihomir alikuwa akiita majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anapiga honi. Jina la Radosav lilikuwa bado. Laptopu ikaanza kunguruma. Chumba kilikuwa kimefungwa kama chupa, maana mimi ndani ya nyumba yangu siruhusu promaja, ule upepo unaoingia dirisha hili ukatokea lile. Dada yangu promaja ilimpinda mdomo, na hakuna daktari wa kunibishia.

"Mama, fungua dirisha. Na la jikoni."

"Yote mawili? Na figo zako?"

"Mama! Mguu wangu umeondoka madirisha yakiwa yamefungwa!"

Nilisimama na mkono kwenye kitasa. Ndani ya hedifoni nikamsikia Tihomir akimwita kwa jina lake la barabarani: "Rale? Rale, upo au tuondoke?"

Nikafungua. Nikaenda jikoni nikafungua na huko. Upepo ukapita katikati ya nyumba ukiinua mapazia, nikajifunga shali kiunoni, na nyingine kichwani, nikaketi katikati kuukinga mgongo wake kwa wangu. Mashine ikashusha pumzi. Radosav akapiga honi.

Picha ni mbaya, anasema barabara zinafanana na uji. Lakini yumo. Kila jioni sasa nakaa na kofia ya manyoya ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na baridi kali bado haijaja. Ikija sijui. Yeye hatoki, prosesa haitoki, na mimi mlangoni naambiwa na jirani nimezeeka vibaya, nakaa na madirisha wazi kwenye baridi.

Basi wewe unayesoma, kama unaendesha lori na unapita kwetu, pale kwenye duka la mikate lililo chini ya dirisha letu, piga honi mara mbili. Ndefu, si zile za kumfukuza paka. Dirisha liko wazi, atasikia. Na usiniambie una haraka.