Mwenyekiti wa Walioumwa na Kachumbari

Leo nimechaguliwa mwenyekiti, na uongozi wangu umedumu dakika kumi.

Wiki iliyopita nilikula wali na kachumbari kwa mama ntilie mmoja hapa Haydom. Siku tatu nikahamia chooni. Nilipopimwa nikaambiwa ni bakteria wa kinyesi cha ng'ombe.

Kinyesi! Ndani ya chakula changu!

Asubuhi hii nikaenda kwa msaidizi wa kisheria. Kwenye benchi nikakuta watu wanne, wote wameumwa na kachumbari ileile. Nikawahutubia palepale: "Tusinyamaze! Tudai fidia!" Mzee mmoja akasita, nikamkazania mpaka akakubali. Wakanipa uenyekiti, na makofi juu.

Tukaingia. Mama ntilie alikuwa ameshaitwa.

"Shikamoo, mama." (Hasira ni hasira, ila mkubwa ni mkubwa.)

"Marahaba, mwanangu."

Msaidizi akamuuliza karoti za kachumbari yake anaziosha kwa maji gani.

"Mimi sizioshi. Zinaletwa zimeshaoshwa, zinang'aa. Ndiyo maana nanunua kwa huyu."

Akaninyooshea kidole.

Msaidizi akanigeukia taratibu. "Na wewe unaziosha wapi, mwenyekiti?"

Wakulima wenzangu, semeni ukweli. Siku ya mnada nani anapanga foleni bombani, wakati birika la kunyweshea ng'ombe liko pale zizini, limejaa?



Nyuma yangu yule mzee akasimama, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "tunadai fidia."