Sogezeni Kitanda Mbali na Ukuta

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kule Woolwich, ughaibuni, mwanangu, bado nina nywele kichwani na maneno mengi mdomoni. Kanisa letu sisi watu wa Bukavu lilikuwa ukumbi wa kukodi, na baada ya nyimbo ulikuja muda wa ushuhuda. Nikasimama, na koti langu jipya.

Nilikuwa mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya mitambo iliyofungwa kwenye miamba ya kwetu. Satelaiti huonyesha mtambo ulipo, na ukilinganisha mwaka hadi mwaka unaona ardhi inavyosogea, kidogo kidogo. Basi nikawatangazia: ardhi ya kwetu inatanuka, siku moja itatikisika. Nikaketi nikijiona nabii.

Walitoka hapo wakaenda kununua kadi za simu, wawaonye jamaa zao nyumbani. Jumapili iliyofuata Mama Furaha, mzee wa kanisa, alinishika mkono mlangoni.

"Mama yangu analala inje, mu mvula, sababu ya maneno yako. Anakohoa. Itatikisika siku gani?"

"Mama, satelaiti haisemi siku. Inaonyesha tu hatari iko wapi."

"Basi umetupatia woga, haukutupatia kazi ya kufanya. Enda utafute kazi, utuletee."

Niliona aibu, sikufichi. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu nalipenda. Nikamtafuta mhandisi wa ujenzi chuoni, nikamuuliza ukuta wa matofali huangukaje. Ushuhuda wangu wa pili ulikuwa mfupi: bibi yule anayelala nje arudi ndani, vitanda visogezwe mbali na kuta za matofali, anayejenga azifunge kuta zake kwa mkanda wa zege.

Miaka ikapita, vijana wakanitania kwa vitanda vyangu. Kisha ardhi ikatikisika. Tulishinda kwenye simu, laini hazishiki. Mama Furaha alipowapata watu wa nyumbani, ukuta ulikuwa umelala pale kitanda cha mama yake kilipokuwa zamani. Bibi mwenyewe alikuwa upande wa pili wa chumba, akiuliza nani atamwondolea matofali yale.

Mama Furaha ametangulia sasa, na ukumbi ule ni duka. Nammisi sana, hata kwa ukali wake.

Mwanangu, wewe utajua mengi kuliko sisi. Ukiiona hatari, usiwaendee watu mikono mitupu. Wapelekee na jambo wanaloweza kulifanya leo. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na tahadhari ni kazi ya mikono. Mungu aisimamishe nyumba utakayoijenga, na siku ya mtikisiko, simu yako ipokelewe.