Mfagiaji wa Njia ya Chini ya Reli

Mvua ikinyesha Kakamega, mfagiaji wa stesheni hufika kabla ya abiria wote, akapinda suruali hadi magotini na kuyasukuma maji nje ya njia inayopita chini ya reli. Viganja vyake vipana vimekaushwa na sabuni. Kila apitaye humsalimia kwa sauti ya chini, kwa kuwa humo ndani hata mnong'ono huvuma.

Asubuhi moja, bibi mmoja kutoka Khayega, kuku kwapani, aliikataa njia ile. "Sijafa bado niingie chini ya udongo," alisema, akageuka avuke relini. Garimoshi lilikuwa limeshapiga honi. Mfagiaji hakumkaripia, ila alimnyooshea ufagio.

"Basi kukhu, bibi yangu, nishikie ufagio, nami nikubebee ingokho, huyo kuku wako."

Alipompokea kuku tu, akaingia naye chini.

"Wewe! Kuku wangu unampeleka wapi?" Bibi alimfuata mbio, ufagio mkononi, garimoshi likinguruma juu ya vichwa vyao. Walipotokea ng'ambo alitazama nyuma, akacheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe ndani ni safi hivi!"

Mfagiaji akainama kuokota unyoya, asionekane anavyotabasamu.